Malaika waliovaa beji ya mfalme

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa sekondari: "Niliwaonyesha wanafunzi wangu picha ya Mfalme Richard wa Pili wa Uingereza akiwa amepiga magoti mbele ya Bikira Maria. Malaika wote waliomzunguka Mama Maria wamevaa beji ya mfalme. Mwanafunzi mmoja akasema hiyo ni propaganda tupu. Mwingine akauliza: kama ni propaganda, mbona picha yenyewe ni ndogo, ya kukunja, wala haikutundikwa hadharani? Nikakosa jibu. Ilikuwa na kazi gani kisiasa? Na watu wa zama zile hawakuona kwamba ni kufuru?"

Mwalimu, hongera kwa kuwa na darasa lenye macho. Swali la mwanafunzi wa pili lilinisumbua hata mimi kwa miaka, na nikilijibu hilo nitakuwa nimeyajibu yote. Kwa ufupi, picha ile haikuchorwa ili kuwashawishi raia kwamba Richard ni mfalme halali. Ilichorwa kwa ajili ya macho ya Richard mwenyewe, na kwa ajili ya wale wa mbinguni aliokuwa akiwaomba. Siasa imo ndani yake tele, lakini ni siasa ya mtu anayejihakikishia haki yake akiwa amepiga magoti chumbani. Nami naamini hapo ndipo ilipokuwa hatari yake, maana mfalme aliyekwisha kupewa jibu na mbingu huona hana sababu ya kuwasikiliza wanaombishia duniani.

Tuanze na kitu chenyewe. Picha inaitwa Wilton Diptych kwa kuwa ilikaa muda mrefu katika jumba la Wilton la ukoo wa Pembroke, hadi National Gallery ya London ilipoinunua mwaka 1929. Ni mbao mbili za mwaloni zilizounganishwa kwa bawaba, zinafunguka na kufungika kama kitabu. Kila ubao una urefu wa sentimita 53 hivi na upana wa sentimita 37, karibu sawa na kalenda ya ukutani. Nilikuwa nimezoea kuiona imekuzwa vitabuni. Siku niliyoifikia yenyewe nikakuta watu wanapokezana kuisogelea, kwa sababu haitazamwi na wengi kwa pamoja. Jina la mchoraji halijulikani. Rangi zake zimechanganywa na kiini cha yai, nyuma yake imetandikwa dhahabu nyembamba iliyochomwa vitone vidogo vidogo, na bluu yake ni ya jiwe la lazuli lililosafirishwa kutoka milima ya Afghanistan ya leo. Bluu hiyo ilikuwa ghali mno, na hapa imemwagwa kwenye mavazi ya Maria na malaika kumi na mmoja.

Upande wa kushoto, Richard amepiga magoti kwenye ardhi kavu isiyo na ua hata moja. Nyuma yake wamesimama watu watatu. Yohane Mbatizaji, mtakatifu msimamizi wake, amembeba mwanakondoo na kumwekea mfalme mkono begani. Mtakatifu Edward Muungama, mfalme wa Uingereza aliyefariki mwanzoni mwa mwaka 1066, ameshika pete. Mtakatifu Edmund, mfalme wa Anglia ya Mashariki aliyeuawa na Wadenmarki mwaka 869, ameshika mshale wa kifodini chake. Upande wa kulia ni bustani iliyojaa maua. Maria amembeba Mtoto Yesu, na Mtoto ananyoosha mikono kuelekea kwa mfalme. Ukisogea karibu unaona kwamba kwenye duara la dhahabu nyuma ya kichwa cha Mtoto kumechomwa taji la miiba na misumari mitatu. Malaika mmoja ameshika bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu. Na kila malaika, kifuani, ana beji ya ayala mweupe, mnyama wa jamii ya kulungu, yuleyule ayala wa Zaburi ya 42 anayeionea shauku mito ya maji. Mfalme mwenyewe anayo pia.

Ukirudi darasani, waambie wanafunzi watazame mikono ya Richard. Hakuikutanisha kama mtu anayesali. Ameifungua, ama anapokea kitu, ama ametoka kutoa kitu. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana ni kitu gani. Picha iliposafishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye ncha ya mti wa ile bendera, ndani ya tufe lenye upana wa sentimita moja tu, kilionekana kisiwa kidogo cha kijani chenye ngome nyeupe, kikizungukwa na bahari iliyotandikwa fedha. Fedha hiyo imeshaingia weusi, ndiyo maana hakuna aliyekuwa ameigundua. Kwa hiyo bendera inayokwenda na kurudi kati ya mfalme na Mtoto imebeba nchi nzima juu yake.

Sasa tazama lililokuwa likisemwa wakati huo. Uingereza ilikuwa ikiitwa kwa Kilatini *dos Mariae*, mali ya arusi ya Maria. Sisi tungesema mahari yake. Huko Roma palikuwa na picha nyingine, iliyopotea sasa lakini iliandikwa habari zake katika karne ya 17, ikimwonyesha Richard na malkia wake wakimkabidhi Maria kisiwa chao kwa maneno yaliyomwomba aitawale nchi hiyo kwa kuwa ni mahari yake. Ukiziweka picha hizi mbili pamoja, fikra inakuwa wazi. Mfalme anampa Maria nchi. Maria na Mwanawe wanaipokea, wanaibariki, wanamrudishia aitunze. Kuanzia hapo anatawala kama mlinzi wa mali ya Mama wa Mungu. Nani basi ana ubavu wa kumwuliza mahesabu?

Ili uelewe kwa nini mtu alihitaji picha ya namna hiyo, inabidi ujue aliyoyapitia. Richard alizaliwa Bordeaux tarehe 6 Januari 1367, sikukuu ya Tokeo la Bwana, siku ya Mamajusi. Alitawazwa Julai 1377 akiwa na miaka kumi. Akiwa na miaka 14, mwaka 1381, wakulima waliasi, wakaingia London, wakamkata kichwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Tarehe 15 Juni, kabla ya kwenda kukutana na waasi Smithfield, kijana huyo alipita Westminster kusali kwenye kaburi la Mtakatifu Edward Muungama. Kisha akapanda farasi, na kiongozi wa waasi, Wat Tyler, alipouawa mbele yake, Richard akawaendea wale watu peke yake akiwaambia kwamba yeye ndiye kiongozi wao. Wakamfuata. Mimi naona alijifunza mambo mawili siku ile, na yote mawili yalimgharimu baadaye. La kwanza, kwamba mtakatifu yule alikuwa upande wake. La pili, kwamba kuonekana kwake tu kulitosha kuituliza nchi.

Miaka saba baadaye funzo likawa tofauti. Mwaka 1388 mabwana watano wakubwa, akiwemo baba yake mdogo Thomas wa Gloucester na binamu yake Henry Bolingbroke, walilitumia bunge kuwahukumu rafiki na washauri wake. Bunge hilo limebaki na jina la Bunge Lisilo na Huruma. Simon Burley, aliyemlea Richard tangu utotoni, alikatwa kichwa ingawa Malkia Anne mwenyewe alimwombea akiwa amepiga magoti. Mfalme mpakwa mafuta alikalishwa kwenye kiti chake akitazama watu wake wanapelekwa kufa, asiweze kusema neno. Picha yetu ilichorwa miaka isiyopungua saba baada ya hapo, kati ya 1395 na 1399. Tunajua hivyo kwa sababu Richard na malaika wamevaa mkufu wa maganda ya mbegu ya mmea uitwao *genêt*, ambao ni alama ya mfalme wa Ufaransa, na Richard alimwoa Isabella, bintiye mfalme huyo, mwaka 1396.

Sasa wale watatu nyuma yake wana maana zaidi. Wawili ni wafalme wa Uingereza waliofanywa watakatifu. Ukimhesabu Richard, ni wafalme watatu mbele ya Mama na Mtoto. Mamajusi hao! Aliyezaliwa siku ya Mamajusi amechorwa kama mmoja wao. Yohane naye hakuja kwa bahati, maana Richard alianza kutawala tarehe 22 Juni, siku mbili kabla ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Mbatizaji, na tarehe 6 Januari Kanisa lilikumbuka pia ubatizo wa Yesu. Hata idadi ya malaika, kumi na mmoja, imefasiriwa kuwa ni kumbukumbu ya mwaka wa kumi na moja wa maisha yake, ndio mwaka aliotawazwa. Kalenda yote ya maisha yake imegeuzwa kuwa ushahidi kwamba hakuchaguliwa na bwana yeyote wa duniani.

Fikra hizi hazikuzaliwa London pekee. Malkia Anne, aliyeolewa na Richard Januari 1382, alikuwa binti wa Kaisari Charles wa Nne wa Prague, na sidhani kama kuna mtawala wa karne ya 14 aliyejua kutumia vitu vitakatifu kuliko huyo. Taji la wafalme wa Bohemia Charles alilikabidhi kwa Mtakatifu Wenceslas, mtawala-mfiadini wa karne ya 10. Lilikaa juu ya fuvu la mtakatifu huyo kanisani, na mfalme mpya alikuwa kama analiazima siku ya kutawazwa. Kwenye ngome ya Karlštejn, aliyoanza kuijenga mwaka 1348, kuna kikanisa cha Msalaba Mtakatifu kilichowekwa wakfu mwaka 1365. Kuta zake zimepambwa mawe ya thamani, na juu yake zimepangwa picha 129 za watakatifu alizochora Theodoric, fremu zao zikiwa na masalia ya watakatifu wenyewe. Ni jeshi la mbinguni limepanga mstari kulinda hazina ya himaya. Na Charles naye alichorwa humo kama mmoja wa Mamajusi.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, na hapo ndipo mwanafunzi wako wa pili anapopata jibu lake. Charles alipata kibali cha Papa mwaka 1354 cha sikukuu ya Mkuki na Misumari ya Bwana, na kila mwaka masalia ya himaya yalionyeshwa Prague mbele ya umati wa mahujaji. Kabwela alisafiri siku kadhaa, akasimama uwanjani, akaona, akapata rehema, akarudi kwao akisimulia. Hiyo naiita propaganda bila kusita, na simaanishi kwamba Charles hakuamini. Aliamini kwa dhati, na bado aliwagawia watu imani hiyo. Mkwewe Richard alikuwa na vya hadharani pia: picha yake akiwa kwenye kiti cha enzi, yenye urefu unaozidi mita mbili, iliyoko Westminster Abbey, na sanamu za wafalme waliomtangulia alizoagiza kwa ajili ya ukumbi wa Westminster. Ila fumbo la ndani kabisa, lile la Mama wa Mungu kumrudishia nchi, alilifunga kwa bawaba. Waliolijua ni yeye, mapadre wake wa kikanisani, na wachache waliomkaribia.

Nje ya zile mbao, zikifungwa, unaona upande mmoja ayala mweupe amelala katikati ya majani na matawi ya rozimari, ana taji shingoni na mnyororo wa dhahabu. Rozimari ilikuwa alama ya Anne, aliyefariki mwaka 1394, na Richard alihuzunika kiasi cha kuamuru jumba la Sheen alimofia libomolewe. Upande mwingine ni nembo ya kifalme, nusu yake ikiwa nembo iliyodhaniwa kuwa ya Edward Muungama. Nembo ya watu waliooana hugawanywa hivyo, ya mume upande mmoja, ya mke upande wa pili. Richard alijifungamanisha na mtakatifu aliyekufa miaka 300 kabla yake kwa lugha ya ndoa. Hili ninalirudia mara nyingi kwa wanafunzi wangu, maana linaonyesha kwamba kwake watakatifu walikuwa ukoo wake, kuliko mfano wa kufundishia maadili.

Tuje kwenye beji, maana hapa siasa inatoka kikanisani na kuingia mtaani.

Beji ya bwana katika Uingereza ya wakati huo ilikuwa sare. Aliyeivaa alikuwa mtu wa bwana fulani, na aliyemgusa alimgusa bwana huyo. Watu walioivaa waliweza kumpora jirani shamba lake, kutisha mashahidi na kuwakalia wazee wa baraza mahakamani, kisha wakaonyesha beji, na kesi ikafa. Wawakilishi wa watu wa kawaida bungeni walilalamika mwaka 1384, wakalalamika tena 1388. Mei 1390 ikatolewa amri kuzuia ni nani aruhusiwe kugawa beji na nani aruhusiwe kuzivaa. Oktoba mwaka huohuo, kwenye mashindano makubwa ya mapigano ya farasi Smithfield, Richard akaanza kugawa ya kwake mwenyewe: ayala mweupe. Mwanzoni mwa 1397 malalamiko yakarudi bungeni. Septemba mwaka huohuo bunge lilikutana likiwa limezungukwa na wapiga mishale wa mfalme kutoka Cheshire, wakiwa na ayala wao. Baba yake mdogo Gloucester alifia kizuizini Calais. Bwana wa Arundel, mwingine wa wale watano wa 1388, alikatwa kichwa. Mwandishi mmoja wa wakati huo anasimulia kwamba baada ya ushindi huo, siku za sikukuu mfalme alikaa kwenye kiti cha enzi tangu chakula cha mchana hadi masifu ya jioni, haongei na mtu, na yeyote aliyepatwa na jicho lake alipaswa kupiga goti.

Kwa hiyo yule malaika mwenye vazi la bluu na yule mpiga mishale wa Cheshire wanavaa kitu kimoja. Hilo ndilo linalonitisha katika picha hii nzuri kuliko kitu kingine chochote. Kwa Richard ilikuwa na mantiki yake: malaika ni walinzi wa Maria, nchi ni ya Maria, yeye ni mtunzaji wa nchi, kwa hiyo walinzi wa Maria ni walinzi wake. Kwa mkulima aliyenyang'anywa ng'ombe, ayala alikuwa na sura nyingine kabisa.

Umeuliza kama watu hawakuona kufuru. Wapo waliopinga, ila wengi hawakupinga unavyodhani. Kumchora mtawala karibu na Bikira Maria kulikuwa jambo la kawaida Ulaya nzima. Aliyelipia picha alichorwa ndani yake. Na kuvaa beji ya bwana halikuwa neno la aibu kwa malaika, kwa kuwa mbingu yenyewe ilifikiriwa kama baraza la mfalme lenye watumishi wake. Waliopinga walipinga mzizi wenyewe. Mwaka 1395, katika miaka hiyohiyo ya picha yetu, wafuasi wa mawazo ya John Wycliffe, mwanateolojia aliyelikosoa Kanisa, walibandika hoja kumi na mbili kwenye milango ya ukumbi wa Westminster na ya kanisa la St Paul. Hoja ya nane ilishutumu hija na sadaka zinazotolewa mbele ya sanamu. Ni wazi kwamba Richard hakuwapenda watu hao. Kaburi aliloliagiza mwaka huohuo lina maneno ya Kilatini yanayomsifu kwamba aliwaangusha wazushi wa imani na kuwatawanya rafiki zao.

Hapa nataka nikupeleke Ethiopia kidogo, maana ndiko ambako mgongano huu ulifika kwenye damu, na nisingependa wanafunzi wako wadhani kwamba ni mambo ya Wazungu peke yao. Mfalme Zara Yaqob alitawala kuanzia 1434 hadi 1468. Aliweka sikukuu za Maria zaidi ya thelathini kwa mwaka, akaamuru visa vya miujiza ya Maria visomwe makanisani, na picha takatifu za Maria zikawa sehemu ya ibada. Wakati wake ndipo alipofanya kazi mchoraji mtawa Fre Seyon, ambaye picha yake yenye sahihi ipo kwenye monasteri ya Daga Estifanos, kisiwani katika Ziwa Tana. Ukoo wa Zara Yaqob ulijihesabu kuwa ni uzao wa Mfalme Suleimani na Malkia wa Sheba, na mwaka 1436 alikwenda kutawazwa Aksum. Sasa, palikuwa na watawa waliomfuata kiongozi wao Estifanos, Wakristo wa msimamo mkali, waliosema kusujudu ni kwa Utatu Mtakatifu peke yake. Walikataa kuisujudia picha ya Maria. Walikataa kuusujudia msalaba. Na walikataa kumsujudia mfalme. Zara Yaqob aliwafunga, aliwapiga, aliwaua, akiwaita maadui wa Maria. Ona jinsi makatazo yale matatu yalivyokwenda pamoja: baraza la mfalme lilikuwa limekwisha kuvifanya vitu vitatu kuwa kimoja, na asiyeinama kwa kimoja amekataa vyote. Richard hakufika huko. Picha yake haikumlazimisha mtu yeyote kuinama, kwa kuwa aliyeinama humo ni yeye.

Sasa mwisho wa Richard. Februari 1399 baba wa Henry Bolingbroke alifariki, na Richard, aliyekuwa amemfukuza Henry nchini, akatwaa urithi wake. Kisha akavuka kwenda Ireland na jeshi lake. Henry akatua Yorkshire kiangazi hicho, na nchi ikamkimbilia.

Thomas Walsingham, mtawa wa abasia ya St Albans aliyeandika habari za miaka hiyo, anasimulia kisa kimoja ambacho naona kinafaa darasani kuliko hotuba nzima. Ilisemekana kwamba Bikira Maria alimtokea Mtakatifu Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury wa karne ya 12, alipokuwa uhamishoni, akampa tai wa dhahabu na kichupa cha mafuta ya kuwapaka wafalme wajao wa Uingereza. Richard aliyapata mafuta hayo alipokuwa akipekua hazina katika Mnara wa London. Akamwomba askofu mkuu ampake upya. Askofu mkuu akajibu kwamba kupakwa mafuta mara moja kunatosha. Richard akawa anayabeba mafuta yale safarini, hadi Ireland na kurudi, mpaka akiwa mateka yalipochukuliwa mkononi mwake. Na aliyepakwa mafuta yale ya Maria, alipotawazwa tarehe 13 Oktoba 1399, ni Henry. Hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Edward Muungama. Siku ya mtakatifu wa Richard, mafuta ya Bikira wa Richard, kwenye kanisa la Richard.

Hapo wanafunzi wako wataona udhaifu wa aina hii ya uhalali. Maria, Edward na Becket hawakuwa na mkataba na mtu mmoja. Lugha ile Richard aliipalilia miaka kumi, ikawa tayari kwa atakayeshinda. Henry hakulazimika kutunga mpya. Walsingham anasema Richard, alipotakiwa kujiuzulu, alikubali kuacha utawala lakini akashikilia kwamba alama ya kupakwa mafuta iliyoko rohoni mwake hawezi kuivua. Katika hilo alikuwa mkweli kwa picha yake mpaka dakika ya mwisho.

Ayala naye hakufa upesi. Askari mmoja wa Richard, Jenico d'Artas, alikataa kuivua beji mbele ya Henry akatiwa gerezani Chester. Richard alifariki kwenye ngome ya Pontefract mwanzoni mwa mwaka 1400, lakini mwaka 1403 waasi wa Cheshire walivaa ayala wakiamini yu hai, na mwaka 1404 mama wa rafiki yake wa zamani, Maud, bibi mkubwa wa Oxford, aligawa kwa siri vijiayala vidogo vya madini kwa watu wa Essex. Beji iliyowaudhi wengi ilipokuwa na nguvu ikawa alama ya matumaini ilipokatazwa.

Henry wa Tano aliporithi kiti cha baba yake mwaka 1413, moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuufukua mwili wa Richard kutoka King's Langley na kuuleta Westminster, kwenye kaburi ambalo Richard alikuwa amejitengenezea yeye na Anne, sanamu zao za shaba iliyopakwa dhahabu zikiwa zimelazwa pamoja. Mwana wa aliyempindua alimhitaji mfalme huyo azikwe kwa heshima, karibu na Edward Muungama, ili ukoo wake mwenyewe upumzike.

Na ile picha ya kukunja? Mwaka 1639 ilikuwa mikononi mwa Mfalme Charles wa Kwanza, naye pia aliyeamini kwamba mfalme hajibu kwa mtu ila kwa Mungu. Mwaka huo Wenceslaus Hollar, mchoraji aliyezaliwa Prague, aliichonga kwenye bamba la shaba na kumtunukia Charles nakala zake. Miaka kumi baadaye, Januari 1649, Charles alihukumiwa kifo ndani ya ukumbi wa Westminster. Juu ya kichwa chake lilikuwa lile paa kubwa la mwaloni ambalo fundi Hugh Herland alilijengea Richard kuanzia mwaka 1393, lenye malaika wa mbao walioshika nembo ya kifalme. Chini ya malaika haohao, tarehe 30 Septemba 1399, mabwana na wawakilishi walikusanyika kutangaza kwamba Richard si mfalme tena, na kiti cha enzi mbele yao kilikuwa kitupu.